Chanjo ya homa ya mafua au dawa ukishaumwa? Tulinganishe vizuri, na hizi mpya zinazosubiriwa tuzipime pia

Msimu wa homa ya mafua ukikaribia maswali ni yale yale, hivi hii chanjo inafanya kazi kweli, mbona fulani alichanja na bado akalala kitandani wiki nzima, si bora nisubiri nikiumwa nimeze dawa tu, na siku hizi kuna kundi jingine linasema linasubiri chanjo za mRNA (zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza wenyewe protini ya kirusi) zitoke ndio wachanje. Mimi nyumbani nina mzee mwenye tatizo la moyo na kuna mtoto mchanga kwenye familia, kwahiyo hili jambo nalifuatilia kwa karibu sana, na msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: chanjo iliyopo mwaka huu, pamoja na udhaifu wake wote, ndio msingi, na dawa ni mpango wa pili ambao lazima uupange kabla hujaumwa. Aina gani ya chanjo, hapo kuna mjadala wa kweli kwa watu wazima wenye umri mkubwa, kwa wengine tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyoikuza.

Kwanza asilimia 40, namba inayotajwa sana kuhusu nguvu ya chanjo

Taasisi ya CDC ya Marekani, inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, inapima kila msimu chanjo imepunguza kwa asilimia ngapi kuugua influenza, yani hiyo homa ya mafua, na namba zake zinapanda na kushuka sana. Msimu wa 2004-05 ilikuwa asilimia 10 tu, 2010-11 ikapanda mpaka 60, 2014-15 ikaporomoka mpaka 19. Kwa kawaida kirusi kilichowekwa kwenye chanjo kikifanana vizuri na kile kinachozunguka mtaani inacheza kati ya 40 na 60.

Sasa watu wengi wakisikia asilimia 40 wanaelewa kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa 60 wataugua. Hapana jamani, sio hivyo. Tuseme kuna watu 100 hawajachanja na msimu huo 10 kati yao wangeugua influenza mpaka kutafuta daktari, basi hao hao wangechanja chanjo ya asilimia 40 wangeugua 6. Wanne wameepuka kuumwa, na wale 90 wengine wasingeumwa hata hivyo. Ukiiangalia kwa mtu mmoja inaonekana ndogo, ukiizidisha kwa mji mzima unaona kwanini wadi za hospitali zinapumua. WHO, shirika la afya duniani, inakadiria kila mwaka watu kama bilioni moja wanapata influenza ya msimu, milioni 3 mpaka 5 wanaumwa vibaya, na wanaokufa kwa matatizo ya upumuaji ni kati ya 290,000 na 650,000.

Namna wanavyoipata hiyo namba nayo ni vizuri uijue kwasababu inaeleza mengi. Wanachukua watu waliokuja kliniki wenyewe na kikohozi na homa, wote wanapimwa puani, wengine wanakutwa na influenza na wengine wanakutwa hawana, wana kirusi kingine tu. Alafu wanaangalia kwenye kila kundi wangapi walikuwa wamechanja. Kama waliochanja ni wachache sana kwenye kundi la wenye influenza kuliko kundi la pili, hiyo tofauti ndio inageuzwa kuwa asilimia. Na hapo hapo unapata jibu la yule jamaa aliyechanja akaumwa: kliniki zimejaa watu wenye mafua, homa na kikohozi ambao sio influenza kabisa, ni virusi vingine ambavyo hii chanjo haijawahi kuahidi kuvizuia. Bila kupimwa huwezi kujua uliumwa nini, na wengi wetu huwa hatupimwi.

Kitu kingine, hiyo asilimia haihesabu ukali wa ugonjwa kwa wale walioumwa. Utafiti wa CDC uliotoka 2022 kwa watoto ulikuta chanjo inapunguza hatari ya influenza ya kutishia maisha kwa asilimia 75, yani hata mwaka ambao kuzuia homa yenyewe ni wastani, kuzuia mtoto asifike kwenye mashine ya kupumulia ni habari nyingine. Kwa wenye moyo ndio kabisa. Utafiti wa Ontario, Canada wa 2018 ulionyesha ndani ya siku 7 baada ya influenza kuthibitishwa maabara, hatari ya shambulio la moyo inapanda kama mara sita. Alafu 2021 yakatoka majaribio ya IAMI, waliwachanja watu muda mfupi tu baada ya kupata shambulio la moyo, nusu wakapewa chanjo halisi nusu sindano isiyo na chanjo, baada ya mwaka waliokufa au kupata shambulio jingine au mshipa uliowekewa kifaa kuziba walikuwa asilimia 5.3 kwa waliochanjwa na 7.2 kwa wasiochanjwa. Mimi hii ndio namba iliyonifanya niache kubishana na mtu kuhusu mzee wangu.

Kwanini inayumba hivyo? Kirusi cha influenza kinajinakili kwa makosa mengi, na yale makosa yanabadilisha protini zake za juu ambazo mwili unazitambua. Wataalamu wa WHO wanakaa Februari kuchagua virusi vya chanjo ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kwasababu kutengeneza kunachukua kama miezi sita, na ndani ya hiyo miezi kirusi hakikusubiri. Pia aina za kirusi zenyewe hazilingani (H1N1 na H3N2 ziko kwenye kundi A, alafu kuna B), uchambuzi mkubwa wa 2016 uliounganisha tafiti nyingi ulipata wastani wa asilimia 61 kwa H1N1 ya tangu 2009, 54 kwa aina ya B, na 33 tu kwa H3N2. Kwahiyo mwaka ambao H3N2 ndio inatawala usishangae kusikia chanjo imefanya vibaya, na bahati mbaya H3N2 ndio inayowaumiza sana wazee.

Chanjo kwa chanjo

Ya yai ndio ya kawaida na ndio iliyoenea zaidi duniani. Wanachukua yai la kuku lenye kiinitete, wanachoma kirusi ndani, wanaliacha kwenye joto siku chache, kirusi kinazaliana kwenye ule ute, alafu wanauvuna, wanakiua na kukisafisha. Teknolojia ya tangu miaka ya 1940, imekomaa, usalama wake unajulikana kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Udhaifu wake uko kwenye yai lenyewe: kirusi cha binadamu kikiishi kwenye yai kinajibadilisha ili kikae vizuri kwenye seli za ndege, na wakati mwingine yale mabadiliko yanaangukia pale pale ambapo kingamwili zako zinatakiwa zishike. Msimu wa 2016-17 hili liliwakuta kwa H3N2, kirusi kilichochaguliwa kilikuwa sahihi kwenye karatasi lakini kilichotoka kwenye yai kilikuwa kimepoteza kipande cha sukari kwenye protini yake ya juu, kwahiyo kingamwili za waliochanjwa zikawa zinalenga umbo ambalo mtaani halipo.

Ya seli inakwepa hilo kwa kukuza kirusi kwenye seli za mamalia badala ya yai. Marekani iliruhusu 2012. Kinadharia ni bora, kwa vitendo kuna misimu imeonyesha faida kidogo na misimu mingine tofauti haionekani. Mimi ningepewa ya seli ningechukua, lakini nisingezunguka mji mzima kuitafuta.

Ya protini, inayotengenezwa bila kirusi kabisa, hii wanachukua maelekezo ya ile protini ya juu, hemaglutinini, wanayaweka kwenye seli za wadudu na zile seli ndio zinatengeneza protini. Hakuna yai, hakuna kirusi cha influenza kilichokuzwa, na kiasi cha protini ni mikrogramu 45 kwa kila aina badala ya 15 za kawaida. Majaribio yaliyochapishwa 2017 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea yalikuta waliopata hii waliugua kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliopata ya kawaida. Hapa faida inaeleweka, huwezi kusema ni bahati.

Ya dozi kubwa ni ile ile ya yai lakini mikrogramu 60 kwa kila aina, mara nne. Imetengenezwa kwa ajili ya wazee kwasababu kinga ya mwili ikizeeka inahitaji kusukumwa zaidi. Majaribio ya 2014 kwa watu karibu 32,000 wa miaka 65 kwenda juu yalionyesha inazuia vizuri zaidi kwa kama asilimia 24 ukilinganisha na ya kawaida. Ila nisikufiche upande wa pili, 2025 Denmark walitoa matokeo ya watu zaidi ya 330,000 na swali kuu walilouliza, je kulazwa kwa nimonia au influenza kunapungua, jibu halikuonyesha tofauti ya uhakika kati ya dozi kubwa na ya kawaida. Ukiangalia kulazwa kwa influenza peke yake ilipungua karibu asilimia 44, lakini hilo halikuwa swali kuu kwahiyo linasomwa kwa tahadhari. Hukumu yangu ni kwamba dozi kubwa ina faida kwa mzee, tena dhidi ya influenza yenyewe sio dhidi ya kila nimonia, na mkono utauma kidogo zaidi.

Kuna pia ya kichochezi, inaongezewa mafuta ya skwaleni ili kuamsha kinga, Italia wanaitumia tangu 1997. Tangu 2022 Marekani inapendekeza kwa wa miaka 65+ mojawapo ya hizi tatu, dozi kubwa, ya kichochezi au ya protini, na haijasema ipi kati yake ni bora. Na hapo hapo wanasema kama hakuna hata moja usiondoke bila kuchanja, chukua ya kawaida, hii sentensi watu wengi huwa wanairuka.

Ya kupuliza puani ni tofauti na zote, ndani kuna kirusi hai kilichodhoofishwa ambacho kinaweza kuzaliana kwenye ubaridi wa pua lakini sio kwenye joto la mapafu. Ni ya umri wa miaka 2 mpaka 49, hakuna sindano, kwa mtoto anayelia akiona sindano ni msaada mkubwa, na Septemba 2024 Marekani iliruhusu hata mtu kujipulizia mwenyewe nyumbani. Lakini ina historia, misimu ya 2016-17 na 2017-18 CDC iliacha kuipendekeza kwasababu ilionekana kufanya vibaya kwa H1N1, wakabadilisha kirusi kilichomo na 2018-19 ikarudi. Wajawazito wasiitumie, wala mtu ambaye kinga yake imeshuka. Huyo wa kinga iliyoshuka achome ya sindano ambayo haina kirusi hai.

Kuhusu madhara kwa ujumla, sindano haiwezi kukupa influenza kwasababu ndani hakuna kirusi kinachoishi. Mkono kuuma, mwili kuchoka, kahoma kadogo siku moja au mbili, hayo ni ya kawaida. Ugonjwa wa Guillain-Barré unaoshambulia neva unatajwa sana, na makadirio ya sasa ni kesi 1 au 2 za ziada kwa kila dozi milioni, wakati influenza yenyewe nayo inaweza kuuleta.

Dawa kwa dawa

Hapa kuna mbili kubwa za kumeza. Oseltamivir, wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu, ipo tangu 1999, inazuia kirusi kipya kisijitoe kwenye seli kikaenda kuambukiza nyingine, mtu mzima anameza mara mbili kwa siku kwa siku tano. Baloxavir ni ya karibuni, Japani na Marekani ziliiruhusu 2018, yenyewe inakata mashine ambayo kirusi kinatumia kujinakili, unameza mara moja tu imeisha.

Oseltamivir imekuwa na ugomvi wa muda mrefu kati ya wataalamu. Uchambuzi wa 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaounganisha tafiti za tiba, ulisema inapunguza muda wa dalili kwa watu wazima kwa saa 16.8, wengine 2015 wakapata kama saa 25, kwahiyo tuseme ni kati ya nusu siku ndefu na siku nzima. Kama inazuia kulazwa ndio hawajakubaliana, uchambuzi wa 2023 kwa wagonjwa wasiolazwa haukuona hiyo faida. Kichefuchefu na kutapika vipo. 2017 WHO iliishusha daraja kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Pamoja na hayo yote kwa mjamzito bado ndio inayopendekezwa kwasababu ndio yenye uzoefu mwingi, na mwongozo wa WHO wa 2024 unaitaja pia kwa mgonjwa mahututi, ingawa kwa lugha ya tahadhari.

Baloxavir kwenye majaribio yake makubwa ilifupisha dalili mpaka saa 53.7 wakati waliomeza kidonge kisicho na dawa walichukua saa 80.2. Ukiilinganisha na oseltamivir kwa upande wa kujisikia nafuu ni karibu sawa tu, sio kwamba utaamka kesho yake mzima. Tofauti iko kwenye kirusi chenyewe, kinashuka haraka sana puani, na mimi hapo ndipo naona uzito wake kwasababu kirusi kikishuka unaambukiza kidogo. Majaribio ya 2020 ya Japani waliwapa watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, waliougua walikuwa asilimia 1.9 kwa waliomeza na 13.6 kwa wasiomeza. 2025 wakaonyesha hata mgonjwa mwenyewe akimeza, wa nyumbani kwake wanaoambukizwa wanapungua kutoka asilimia 13.4 hadi 9.5. Kasoro zake ni usugu, kwenye majaribio karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi kirusi chake kilibadilika na kupunguza makali ya dawa, na pia usiimeze pamoja na maziwa au vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma, vinaifunga isifyonzwe.

Antibayotiki hazimo kwenye ulinganisho huu kabisa, haziui kirusi. Daktari anaweza kukupa kama nimonia ya bakteria imeingia juu ya influenza, hiyo ni kesi nyingine. Na amantadine za zamani zisahau, kirusi kilishakuwa sugu.

Sasa chanjo dhidi ya dawa

Mtu anayesema "nitasubiri niumwe nimeze dawa" naomba apige hesabu ya saa 48, kwasababu dawa zote mbili zinafanya kazi vizuri ukianza ndani ya huo muda tangu dalili ya kwanza. Angalia inavyokwenda kwa kawaida. Jumatatu jioni unasikia baridi na mgongo unauma, unasema uchovu wa kazi, unalala. Jumanne asubuhi homa imepanda, unameza paracetamol, mchana inashuka, unajipa moyo. Jumatano asubuhi ndio unakubali kwamba hii sio ya kawaida, unatafuta nafasi kliniki, unafika unakaa foleni, unapimwa, majibu yanatoka, unaandikiwa, unaenda duka la dawa wanakwambia mpaka kesho. Alhamisi unaanza kumeza, saa 48 zimepita tangu jana jioni. Sikulaumu, watu wengi ndivyo mwili unavyowadanganya, na ndio maana mpango unaotegemea dawa peke yake ni dhaifu hata kama dawa yenyewe ni nzuri.

Chanjo nayo ina masharti yake, inachukua kama wiki mbili kinga kujijenga kwahiyo ukichanja leo watu wa nyumbani wameshaanza kuumwa umechelewa, na inapungua nguvu kadiri miezi inavyopita kwahiyo kuchanja mapema mno nako sio vizuri kwa wazee. Kaskazini mwa dunia Septemba na Oktoba ni wakati mzuri, kusini Aprili na Mei, na nchi za joto ambako influenza inazunguka karibu mwaka mzima unafuata ratiba ya wizara ya afya ya nchi yako.

Kwa mzee, mwenye pumu, kisukari, moyo, figo, mjamzito, mtu wa dawa za kushusha kinga, mimi nasema vyote viwili. Chanja, alafu mapema kabisa ongea na daktari wako mkubaliane: nikipata homa na kikohozi ghafla msimu huu nimpigie nani, nipimwe wapi, na dawa inapatikana duka gani. Mazungumzo ya dakika kumi yanaokoa zile siku mbili. Kwa kijana mzima wa afya asiyeishi na mtu dhaifu, dawa itampunguzia siku moja ya kuumwa, ni juu yake, ila chanjo bado ningemwambia achanje kwasababu huyo ndio anayezunguka na kirusi kwenye mabasi na ofisini bila kujua.

Zinazokuja, tusubiri au tusisubiri

mRNA kwanza. Faida kubwa ya hizi ni muda, kutengeneza hakuhitaji mayai wala kukuza kirusi, kwahiyo uchaguzi unaweza kufanywa karibu zaidi na msimu na lile tatizo la yai halipo. 2025 Moderna ilitangaza kwamba chanjo yake kwa watu wa miaka 50+ ilizuia vizuri zaidi kwa asilimia 26.6 kuliko ya dozi ya kawaida, na mwaka huo huo Pfizer ikachapisha ya kwao kwa watu wa 18 mpaka 64, asilimia 34.5 juu ya kawaida. Ni habari nzuri kweli, nimefurahi. Ila soma vizuri, wamelinganisha na dozi ya kawaida, sio na zile tatu za wazee, na kwa Pfizer kesi nyingi zilikuwa za aina A kwahiyo kuhusu B hakuna la kusema sana. Homa, uchovu na maumivu ya mkono vilikuwa vingi zaidi. Ukitazama namba utaona hiyo asilimia 26 haiko mbali na ile 24 ya dozi kubwa ambayo ipo sokoni muda mrefu, kwahiyo mtu wa miaka 70 anayekaa bila chanjo akisubiri mRNA anaacha kitu ambacho huenda kinakaribiana nacho.

Chanjo ya influenza zote ndio ndoto ya wengi. Hemaglutinini ina kichwa na shina, kichwa kinabadilika kila mwaka na ndicho mwili unakishambulia, shina linabadilika polepole sana lakini limejificha. Wanasayansi wa Mount Sinai New York wamejaribu kumpa mtu chanjo zenye vichwa vya ajabu ambavyo mwili haujawahi kuviona ila shina ni lile lile, ili kinga ijifunze shina, na hatua ya kwanza kwa binadamu iliyochapishwa 2020 ilionyesha kingamwili za shina zinatokea na kukaa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania nao 2022 waliweka mRNA za aina zote 20 za hemaglutinini kwenye sindano moja, kwa panya na feriti, wanyama wadogo wanaotumika maabara, ikawakinga. Kutoka hapo mpaka kwenye mkono wako bado ni safari, huwezi kuipanga kwenye maamuzi ya mwaka huu wala ujao.

Kinachonipa mimi matumaini zaidi ni kitu ambacho sio chanjo. CD388 iliyoanzishwa na kampuni ya Cidara, wamechukua zanamivir, dawa ya zamani ya influenza, wakaiunganisha na kipande cha kingamwili ili ikae mwilini miezi. Sindano moja mwanzoni mwa msimu. Majaribio ya hatua ya pili kwa watu kama 5,000 wenye afya ambao hawakuchanja, matokeo ya 2025 yalikuwa kinga ya asilimia 76 kwa dozi ya juu na 58 kwa dozi ya chini kwa wiki 24, na baadae mwaka huo Merck ikatangaza kuinunua kampuni. Haitegemei kinga yako ijenge chochote, yani mgonjwa wa saratani anayepata kemo, aliyewekewa figo, mtu ambaye unamchanja na mwili haujibu, huyu kwa mara ya kwanza anaweza kuwa na kitu chake. Hatua ya tatu ndio itaamua, kwasababu waliojaribiwa walikuwa wazima na wanaoihitaji zaidi ni wagonjwa.

Kwahiyo kusubiri? Chanjo ya influenza ni ya kila mwaka hata hivyo. Ukichoma ya mwaka huu na mpya ikaruhusiwa baadae hujapoteza nafasi yoyote, msimu unaofuata unachoma hiyo mpya. Hakuna kitu unachokitunza kwa kutochanja.

Kwa nyumba yako

Mtoto chini ya miezi sita hachanjwi, kinga yake inatoka kwa mama aliyechanja akiwa mjamzito na kwa kila mtu anayembeba, kwahiyo nyumba yenye kichanga mchanje wote. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 8 anayechanja kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zipishane wiki nne, na wazazi wengi wanaishia ya kwanza, hiyo nusu kazi haitoshi. Kuanzia miaka 2 unaweza kuchagua ya puani kama hana pumu au shida ya kinga. Mtu wa 18 mpaka 49, iliyopo kliniki ndio yako, usihangaike. 50 mpaka 64, ukikuta ya protini ichukue. 65 kwenda juu ulizia dozi kubwa, ya kichochezi au ya protini, wakisema hawana toa mkono wachome ya kawaida siku hiyo hiyo. Mwenye mzio wa yai, CDC siku hizi haiweki tena masharti ya ziada kwa ajili ya yai, isipokuwa kama uliwahi kupata mzio mkali wa chanjo yenyewe, hapo ongea na daktari kwanza.

Na uwe umechanja au hujachanja, kifua kubana, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa, homa iliyoshuka alafu ikarudi kwa nguvu na kikohozi kuzidi, mtoto anayepumua mbavu zikiingia ndani au asiyekojoa, hapo hakuna kulinganisha, ni hospitali sasa hivi, hata kama saa 48 zimeshapita, kwa mgonjwa mahututi madaktari bado wanaanza dawa. Mtoto au kijana mwenye influenza usimpe aspirini, inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake.